Shajara ya Mratibu wa Wageni

Jumatatu

Wageni wamefika. Walitarajiwa jana jioni kwa basi la kutoka Dar es Salaam, lakini basi lilipata hitilafu Mlima Kitonga, na Kitonga si mahali pa kumharakisha fundi. Nilisimama stendi ya Njombe na kipande cha boksi kilichoandikwa KARIBUNI mpaka saa saba usiku. Huu ni mwezi wa saba. Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu baridi hukaa ndani ya friji la soda, na mlango wake hufungwa.

Walishuka watano, wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili kutoka Ujerumani, wamekuja kujitolea katika hospitali yetu ya misheni. Walikuwa wamevaa kandambili na fulana. Waliambiwa wanakuja Afrika. Niligawa blanketi za hospitali, kisha masweta yangu, kisha koti langu. Kila kilichotoka nilikiandika kwenye orodha, maana nilishawahi kupokea wageni.

Wamekuja na dawa ya kufukuza mbu ya kutosha kata nzima. Mkoa wa Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kuliko yote nchini, kwa sababu mbu naye ana akili na hapendi baridi. Sikutaka kuwavunja moyo usiku ule. Niliwasaidia kufunga vyandarua vyao vyote vitano. Vinapunguza upepo kidogo.

Kazi hii nilipewa na Matroni. Aliniita ofisini, akaniambia, "Kaka, wewe Kiingereza chako kizuri." Wageni wanazungumza Kijerumani. Cheo chenyewe kinaitwa Mratibu wa Wageni wa Kitaaluma, na kinasomeka vizuri mlangoni. Posho hakina. Kina funguo.

Saa moja na nusu tulikuwa kwenye sala ya asubuhi. Mimi ni Mwislamu, lakini mratibu huhudhuria popote wanapohudhuria wageni wake. Mganga Mfawidhi aliwakaribisha kwa maneno mengi. Mchungaji wa hospitali akaongeza. Katibu akaongeza kwa niaba ya ambao hawakupata nafasi ya kuongeza. Ripoti ya usiku ilisomwa saa tatu. Mgonjwa wa kitanda cha sita, ambaye ripoti ilimhusu, alikuwa ameshajiendea chooni mwenyewe.

Jumanne

Siku ya vibali. Mwanafunzi wa kigeni hagusi mgonjwa bila ruhusa ya muda ya baraza la uuguzi na ukunga, na hakai nchini kujitolea bila kibali. Naafiki. Nisingependa mtu anidunge sindano kwa sababu tu ametoka mbali. Ila maombi tuliyapeleka mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu kulikuwa bado na mvua.

Tulikwenda ofisi moja mjini. Foleni ilianzia kwenye ngazi. Mlinzi alipowaona wageni aliwapitisha mbele moja kwa moja, kwa ukarimu wa Kitanzania. Mimi, niliyeshika faili lao, hakuniona kuwa mgeni. Walifika dirishani mikono mitupu, wakaulizwa karatasi, wakarudishwa nyuma. Walipofika nyuma, mimi nilikuwa nimesogea mbele. Tulipishana katikati, tukasalimiana.

Dirishani mtandao ulikuwa unasumbua. Ulipotulia tukapewa kontrol namba ya kulipia. Ukishapata kontrol namba, nusu ya kazi imekwisha. Nusu nyingine iko benki, nako kuna foleni, na ya benki ina viti, kwa hiyo haina haraka. Tuliporudi na risiti tuliambiwa anayesaini yuko semina. Nikauliza semina inaisha lini. Anayejua naye yuko semina.

Mpaka ruhusa itoke, wageni wanatazama tu. Nimewaagiza wakae mikono mfukoni wakiwa wodini, ili pasiwe na kishawishi. Koti langu lina mifuko mizuri sana, naona.

Jioni yule aliyejifunza Kiswahili aliomba ajaribu kumfariji mgonjwa kwa maneno, kwani maneno hayahitaji kibali. Anakisema vizuri, na ngeli zake ni safi kuliko za Katibu. Nikampeleka kwa bibi mmoja wa wodi ya wanawake aliyevunjika nyonga. Akazungumza naye kwa upole muda mrefu. Bibi alitikisa kichwa tu. Bibi anajua Kibena peke yake. Mimi nacho sikijui, na ndiyo maana huwa natembea na mama wa usafi. Mama wa usafi alikuwa amekwenda nyumbani.

Jumatano

Umeme ulikatika alfajiri. Jenereta lipo, dizeli ni ya chumba cha upasuaji.

Ulirudi saa sita, wageni wakakimbilia soketi. Chaja zao zina miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu ni za matundu matatu, urithi wa Waingereza, waliozipokea nchi hizi kwa Wajerumani bila kushauriana juu ya umeme. Mhudumu wa wodi akafanya kama anavyofanya siku zote: alichomeka ncha ya kalamu ya plastiki kwenye tundu la juu, lile la peke yake, matundu ya chini yakafunguka, akaisukuma chaja ya kigeni ikaingia. Yule mwenye miwani alipiga ukelele. Alisema kwao tendo kama hilo huandikiwa ripoti. Hapa pia huandikwa, kwa kalamu hiyohiyo.

Mchana tulifungua begi la misaada. Lilikuwa na kofia za watoto wachanga, zilizofumwa na akina bibi wa Saxony kwa mapenzi na kwa kipimo cha watoto wa Saxony. Tulimvika mmoja aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kilo moja na nusu. Ilimfika kiunoni. Mama yake ameipenda sana na hataki kuirudisha. Anasema ni blanketi.

Vilikuwamo pia vipima sukari vitatu, vipya, pamoja na stripi zake. Stripi za kampuni ile haziuzwi Njombe, na mfamasia anasema hajaziona hata Mbeya. Kwenye droo yetu vipo vipima sukari vingine vya wafadhili waliotangulia, kila kimoja na kampuni yake, na vyote vilikuja na boksi moja la stripi. Haziingiliani. Boksi likiisha, kifaa kinabaki kuonyesha saa. Saa ya Ulaya.

Chini kabisa kulikuwa na vidonge vya aina mbalimbali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1996 unataka dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kuisha. Hizi zilikuwa zimebakiza wiki saba. Mfamasia alizisoma moja moja, akavua miwani, akaifuta, akazisoma tena. Kisha akazifungia kwenye kabati la vitu vinavyosubiri kuteketezwa. Kuteketeza nako kuna fomu, na fomu hiyo husainiwa na mtu aliye semina.

Alhamisi

Ruhusa zimetoka, nne. Ya tano, ya kijana pekee wa kiume katika kundi, imekwama. Jina lake la ukoo lina herufi o yenye nukta mbili juu, na mfumo wa kompyuta ulizikataa nukta. Nimemshauri akubali kuandikwa bila nukta kwa muda wa kibali. Anasema bila nukta ni ukoo mwingine. Anaendelea kutazama, mikono mfukoni, na masweta yangu ameyavaa mawili.

Leo pia ni siku ya kliniki ya mama na mtoto, na nilimpangia mwenye miwani kwenye mizani. Mizani yetu ni ile ya kuning'inia: mtoto anavalishwa kisuruali, ananing'inizwa kwenye ndoana, unasoma mshale, unaandika kwenye kadi. Ni kazi ya dakika moja mtoto akitulia. Kila mtoto alipoinua macho na kuona nywele za rangi ya mahindi alianza kulia na kurusha miguu, mshale ukawa unacheza kati ya kilo tano na nane. Akina mama walicheka hadi wakakaa chini. Foleni ilifika kwenye mwembe, au niseme ilipofika ndipo kungekuwa na mwembe kama hii ingekuwa Muheza. Hapa kuna mparachichi.

Wakati huo yule mrefu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akisubiri glavu za saizi yake. Bibi mmoja akaja kukaa naye, akamnyooshea mkono. Akaupokea kwa adabu, akaushika kwa mikono miwili. Bibi akafumba macho. Alipoyafumbua alitangaza kwamba maumivu ya goti yamepungua. Hicho ndicho kilichotokea, na sina zaidi la kueleza.

Kufikia saa nne habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba amekuja daktari bingwa wa Kijerumani anayepima kwa viganja. Foleni ilitoka benchini ikapita maabara. Waliokwisha kulipia kumwona daktari walitaka risiti zao zihamishiwe benchini. Madaktari wetu wawili, wenye shahada, walibaki vyumbani mwao na milango wazi. Mmoja alipata nafasi ya kupanga meza.

Nilisimama juu ya ndoo na kutangaza kwamba dada huyu ni mwanafunzi, mwaka wa pili, hatibu mtu. Nilisema kwa sauti ya kiofisi. "Mwanafunzi gani mrefu hivyo?" akauliza mzee mmoja, na watu wakaafiki. Nikaomba msaada wa mchungaji. Akaja, akaona ukubwa wa umati, akaanza na sala. Umati ukaongezeka.

Mchana, wodi ya wanaume. Babu wa kitanda cha tatu, presha ya muda mrefu, aliniuliza hawa wametoka nchi gani. Nikasema Ujerumani. Akakaa wima, jambo ambalo tulikuwa tumemwomba tangu Jumapili. Alimweleza aliyejifunza Kiswahili habari za Maji Maji, vile babu zake walivyokimbilia misitu, na jinsi mazao yalivyochomwa ili watu wafe njaa. Vita vilianza mwaka 1905 na mwaka 1907 vikaisha, lakini kwa babu vilikuwa vya juzi. Kisha akamuuliza kwa upole kama amekuja kulipa.

Dada wa watu aliiva uso. Lakini alikuwa amejiandaa kuliko nilivyodhani. Alisema rais wao, Steinmeier, alikwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Babu alifikiri. "Songea ni mbali," alisema. Halafu akakubali kupimwa presha. Ilikuwa imepanda.

Ijumaa

Siku ya leba. Kila Ijumaa huomba ruhusa ya saa moja kwenda msikitini, na kila Ijumaa kuna mtu huchagua saa hiyo kuzaliwa.

Lazima nieleze hali ilivyo, ingawa msomaji mwenye huruma atakuwa ameshaiona. Kwetu muuguzi ni mkunga pia. Mtu mmoja, gauni moja, mshahara mmoja. Ujerumani hizo ni taaluma mbili, kila moja na mafunzo yake. Mwanafunzi wao wa uuguzi hazalishi kwao, hata afike mwaka wa mwisho. Kwa hiyo hazalishi hapa. Mimi sioni ugumu wa hesabu hiyo. Asichoruhusiwa kumfanyia mama wa Leipzig hawezi kukijifunzia kwa mama wa Wanging'ombe. Nimeibandika sheria hiyo mlangoni kwa lugha mbili. Mlango huwa wazi, kwa hiyo maandishi hutazama ukuta.

Nukta zilikuwa zimekubaliwa asubuhi, na kijana akaingia na daftari lake la saa. Mafunzo yao yanadai saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo, na anataka kila saa isainiwe na kugongwa muhuri. Muhuri unakaa kwa Katibu. Katibu yuko safarini. Kijana aliuliza pia kama saa za Kitonga zinahesabika. Nikamwambia aandike, tuone.

Alishangaa kuona patografu ya karatasi. Aliuliza programu yake iko wapi. Nikamwonyesha jinsi njia inavyofunguka, sentimita kwa sentimita, na mstari wa tahadhari, na kwamba ukiuvuka mstari hutakiwi kukaa. Nikamwambia karatasi hii haikutoka kwao. Philpott na Castle waliitangaza mwaka 1972 kutokana na kazi yao Salisbury, ambayo leo ni Harare, wakiwafikiria wakunga walio mbali na daktari. Alitaka kujua hufanyaje umeme ukikatika. Nikamwambia hufanya vilevile.

Kisha fetoskopu, ile ya mbao, yenye umbo la tarumbeta ndogo. Hii ni ya Mfaransa, Adolphe Pinard, mwaka 1895. Moyo wa mtoto tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Mwenye miwani aliweka sikio, akahesabu, akageuka rangi. Sabini na nane. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshafika kwenye chumba cha chai kumwita daktari. Daktari alikuja mbio na kikombe mkononi. Mwenye miwani alikuwa amehesabu moyo wa mama. Mwanachuo wetu wa mwaka wa kwanza aliisogeza fetoskopu chini kidogo, akafumba macho, akasema 140. Daktari akatazama kikombe. Nusu ilikuwa kwenye korido.

Huyo mwanachuo simtaji bure. Hospitali ina chuo chake cha uuguzi. Wanachuo wanalipa ada, wengine kwa viazi vya wazazi wao vilivyouzwa shambani kabla ya bei kupanda, na nao wana vitabu vya kujaza. Kwa kila mama anayejifungua mchana kuna wanachuo wanne wanaosubiri zamu, na wamepanga foleni yao wenyewe, kwa daftari, bila kugombana. Wiki ya wageni foleni hiyo husogezwa ukutani ili wageni waone vizuri. Leo niliirudisha mahali pake. Sikutoa hotuba. Nilisogeza stuli.

Hapo ndipo bibi wa yule mzazi alipotokea mlangoni na kumkuta kijana ananawa mikono kwenda nje. "Nesi," akaniambia, "mbona unamfukuza daktari?" Nikamweleza, bibi, huyu ni mwanafunzi. Akamtazama mwanachuo wetu, binti wa Makambako, mfupi, aliyekuwa anavaa glavu. "Na huyu?" Nikasema naye ni mwanafunzi. Bibi akaguna na kukaa. Jana aliponiomba panadoli aliniita dokta.

Mtoto alizaliwa saa saba kasoro, wa kike, kilo tatu na robo, analia kwa nguvu. Binti wa Makambako alijaza ukurasa wake. Mimi nilifika msikitini watu wakitoka.

Jumamosi

Nilikusudia kufua. Masweta yote yako kwa wageni, kwa hiyo hakukuwa na cha kufua.

Mama wa jikoni alikuja kwangu na malalamiko rasmi. Mmoja wa wageni hali nyama. Hilo amelizoea, kuna Wasabato. Lakini huyu hali hata mayai, maziwa wala asali. Mama wa jikoni alihitimisha kwamba anaumwa na hataki kusema, akawa anampelekea uji wa wagonjwa mara tatu kwa siku. Mgeni amekunywa wiki nzima akidhani ndicho chakula cha taifa. Tumekubaliana apewe maharage na maparachichi. Maparachichi yapo. Njombe wanayauza Ulaya kwa meli, na sasa yeye amesafiri kwa ndege kuyafuata.

Jumapili

Wageni walialikwa kwenye usharika, na mimi niliwapeleka. Tulikaa mbele, kiti cha kwanza, mahali ambapo mtu hawezi kusinzia. Ibada ilikuwa ndefu na kwaya zilikuwa nne. Mzee wa kanisa aliniomba nami nijitambulishe. Nikajitambulisha kwa jina langu kamili, Ramadhani likiwemo. Nilipigiwa makofi kuliko wote.

Baada ya ibada huwa kuna mnada nje. Wasio na fedha taslimu hutoa sadaka ya mazao, na mazao hunadiwa: viazi, miwa, mayai kwenye kikapu, jogoo mmoja mwekundu. Mnadi alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti. Elfu kumi na mbili. Elfu kumi na tano. Yule asiyekula kitu cha mnyama alimwona mama mmoja wa kliniki upande wa pili, akainua mkono kumpungia. Elfu kumi na nane, dada yetu wa Ujerumani! Umati ulishangilia. Mama wa kliniki naye akapunga. Dada akapunga tena. Elfu ishirini.

Alipoelewa alikuwa ameshakabidhiwa jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Ana euro tu. Nimelipa mimi. Mchungaji alinishika bega akasema ni ushirikiano mwema wa dini zetu. Risiti haikutolewa.

Nilipendekeza jogoo achinjwe jioni. Ningechinja mwenyewe na kila mtu angekula kwa amani ya moyo wake. Dada alilia. Amemfungua kamba na kumwita jina la profesa wake. Sasa jogoo anaishi hosteli ya wageni, dirisha linalopakana na langu, na anawika kuanzia saa tisa usiku. Kesho nitamuuliza Katibu kama pumba za kuku zinaingia kwenye fungu la wageni. Najua atakachosema. Fungu lenyewe halipo.